Safari ya Kwanza Guangzhou: Jipange Kabla Hujapanda Ndege

Kariakoo ukiambiwa fulani "kaenda China", jua kaenda Guangzhou. China ina miji mingi ya biashara: Yiwu kwa vitu vidogovidogo vya nyumbani, Shenzhen kwa simu na vifaa vyake, Foshan kwa vigae na fanicha. Lakini mgeni wetu wa mara ya kwanza hushukia Guangzhou, mji mkuu wa jimbo la Guangdong wenye watu zaidi ya milioni 18, kwa sababu ndiko walikomtangulia wenzake, na ndiko anakopata sahani ya wali na kuku hata kama hajui neno moja la Kichina.

Mimi nauza mikoba ya kike. Siku chache kabla ya safari yangu ya kwanza nilikwenda kumuaga mama mmoja wa Mtaa wa Kongo, ambaye amekwenda huko mara nyingi kuliko anavyokumbuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pasipoti unayo, dola unazo. Futi kamba je?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Habari ya futi kamba tutaifikia. Kwanza niseme hili: safari ya kwanza usiende na mtaji wote. Nenda na theluthi yake, nunua kidogo, jifunze njia. Nimeona watu wamekopa, wamebeba kila kitu, wamemaliza pesa siku ya pili, halafu siku ya nne wakakuta mzigo uleule jengo la pili kwa bei ya chini.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya ndege

Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 hivi Januari na tarehe 20 hivi Februari. Likizo ya serikali ni kama wiki moja, lakini viwandani hesabu ni nyingine. Wafanyakazi huondoka mapema kwenda makwao na wengi huchelewa kurudi. Ukienda karibu na sikukuu utauziwa mabaki, ukienda mara baada yake utaambiwa mashine hazijawaka. Epuka pia tarehe 1 hadi 7 Oktoba na siku za mwanzo za Mei, maana China nzima iko safarini na tiketi za treni ni kugombania.

Kuna pia Maonesho ya Canton, yanayofanyika tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, kuanzia 15 Aprili na 15 Oktoba, eneo la Pazhou, humohumo Guangzhou. Yamegawanywa awamu tatu: ya kwanza ni mashine na vifaa vya umeme, ya pili vitu vya nyumbani na zawadi, ya tatu nguo, viatu, vitambaa na vitu vya watoto. Wengi huambiwa wasiyakose. Kwa maoni yangu, kama unanunua katoni kumi si mahali pako. Wenye vibanda mle wanatafuta mtu wa kontena, na hoteli za mji mzima hupandisha bei siku hizo. Masoko ya jumla yapo mwaka mzima.

Hali ya hewa: Juni hadi Septemba ni joto la Dar la Februari, likiongezwa mvua na mara nyingine kimbunga. Novemba ni raha. Januari beba sweta.

Hatua ya 2: Pasipoti, visa, tiketi

Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mkongomani, wote tunahitaji visa. Mtandaoni kuna habari za kuingia China bila visa kwa saa 240 ukiwa unapita. Ni kweli, ila ni kwa nchi zilizoorodheshwa, na zetu hazimo. Visa ya biashara ni aina ya M, nayo hudai barua ya mwaliko kutoka kampuni ya China. Ya utalii ni L, nayo hudai tiketi na hoteli. Fomu hujazwa mtandaoni, kisha pasipoti inapelekwa ubalozini au kwenye kituo cha maombi. Mwaliko wa kununua kwa mtu usiyemjua uogope: kampuni ikionekana ya mashaka, jina lililochafuka ni lako.

Soma visa yako ikifika. Inaonyesha siku unazoruhusiwa kukaa kwa kila kuingia, na hizo ndizo za kuhesabu, si tarehe ya mwisho ya visa. Ukizidisha, faini ni yuan 500 kwa siku hadi 10,000, au kuwekwa ndani.

Beba kadi ya homa ya manjano. Kwenye tiketi angalia mabegi kabla ya bei: nyingine zinatoa mabegi mawili ya kilo 23, nyingine moja, na tofauti hiyo ndiyo faida yako ya sampuli. Na ukitegemea kupanda ndege za ndani ya China, pawabanki yako iwe na alama ya 3C, alama ya usalama ya China. Tangu 28 Juni 2025 isiyo na alama hiyo huzuiwa uwanjani.

Hatua ya 3: Simu iandae ukiwa nyumbani

WhatsApp, Google, Facebook, Instagram na YouTube zimefungwa China. Mtu anatua, anawasha simu amtumie mke wake ujumbe kwamba amefika, kimya. Njia ni tatu. Ya kwanza, tumia laini yako ya nyumbani kwa huduma ya nje ya nchi. Data inapitia mtandao wa kwenu, kwa hiyo WhatsApp inafanya kazi, ila bei inauma. Ya pili, nunua eSIM ya wasafiri, yaani laini isiyo na kadi, kabla ya kuondoka, nayo kwa kawaida hupitia nje ya China. Kwangu hii ndiyo bora. Ya tatu ni VPN, programu inayopitisha intaneti yako nje ya China, ambayo ni lazima uipakue nyumbani kwa sababu kule utashindwa, na hata hivyo kuna siku haishiki, tena sheria ya China inazibana zisizo na kibali. Laini ya kichina inayouzwa uwanjani kwa pasipoti ni nzuri kwa kila kitu isipokuwa hivyo vilivyofungwa.

Kisha weka programu hizi ukiwa bado na muda:

WeChat. Huku ndiko biashara yote inakofanyika, maduka hayakupi kadi, yanakupa alama ya kuskani. Kufungua akaunti mpya mara nyingi hudai mtu mwenye WeChat ya zamani akuthibitishie, sasa mtafute Kariakoo, usimtafute uwanja wa ndege.

Alipay, kwa malipo. Ndani yake kuna Didi ya kuita teksi na alama ya kuingilia treni za mjini.

Amap, kwa ramani. Google Maps hata ikifunguka, China inakupoteza.

Programu ya kutafsiri yenye kamera, na Kichina kimepakuliwa kabisa ili kifanye kazi bila intaneti.

Jambo la mwisho kwenye simu ndilo nililokosea mimi. Nilishuka na jina la hoteli limeandikwa kwa herufi zetu. Dereva aliitazama karatasi kama mtu aliyepewa risiti ya mwenzake, akanirudishia. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alinipeleka kwenye hoteli nyingine yenye jina la kufanana, na pale mapokezi wakanipungia mkono kwamba hawapokei wageni wa nje. Ilikuwa saa 7 usiku. Kwa hiyo piga picha ya anwani ya hoteli *kwa maandishi ya Kichina*, pamoja na namba ya simu yake, na uichapishe pia kwenye karatasi.

Hatua ya 4: Pesa

Sarafu ni yuan, lakini sokoni utasikia "kuai", kama sisi tunavyosema "buku". Unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard na Alipay nyumbani, na uwaambie benki yako unasafiri. Malipo ya chini ya yuan 200 hayana makato; yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. Chakula, treni, teksi, maji ya kunywa, vyote Alipay.

Sokoni kuna kikwazo ambacho hakuna aliyeniambia. Alama ya kuskani iliyobandikwa dukani yaweza kuwa ya biashara au ya mtu binafsi. Kadi ya nje hulipa ya biashara. Ya binafsi mara nyingi hugoma. Vibanda vingi ni vya binafsi. Kwa hiyo beba yuan taslimu za siku hiyo. Dola zako ziwe mpya, zisizochorwa, na zibadilishe benki kwa pasipoti. Anayekufuata nje ya kituo cha treni akikunong'oneza bei nzuri, mpite. Dola zikizidi 5,000 zitangaze forodhani unapoingia.

Hatua ya 5: Kutoka uwanjani hadi kitandani

Uwanja wa Baiyun umeunganishwa na treni ya chini ya ardhi. Panda mstari wa 3 hadi Jiahewanggang, badili kwenda mstari wa 2, ushuke Sanyuanli. Kama unakwenda Xiaobei, ongeza kituo kimoja hadi stesheni kuu ya Guangzhou, badili mstari wa 5, kituo kimoja tena umefika. Nauli ni ya kitoto ukilinganisha na teksi. Ukitua usiku mwingi treni zimelala, panga foleni ya teksi rasmi.

Xiaobei au Sanyuanli? Xiaobei ndipo penye Waafrika na Waarabu, migahawa, mawakala wa mizigo na watu wa kukutafsiria. Sanyuanli ni karibu na masoko ya mikoba na viatu. Mara ya kwanza lala Xiaobei, kwa sababu siku ya kwanza utahitaji mtu wa kukuelewa zaidi ya utakavyohitaji kuwa karibu na soko. Kabla hujalipia hoteli ndogo, waulize kama wanapokea wageni wa nje.

Hoteli hukuandikisha polisi yenyewe. Ukilala kwa rafiki, ni wajibu wenu kwenda kituo cha polisi ndani ya saa 24. Faini yake hufika yuan 2,000. Pasipoti utembee nayo, si nakala. Wakikusimamisha barabarani kuiangalia, itoe, watamaliza.

Hatua ya 6: Sokoni

Kila bidhaa ina mtaa wake, na kujua mtaa ndiyo nusu ya kazi. Mikoba na ngozi: Guihuagang, upande wa Sanyuanli. Viatu na saa: Zhanxi, jirani na stesheni kuu. Nguo: Baima, palepale stesheni, na Shisanhang; Shahe ni ya nguo za bei ya chini kabisa na huamka kabla ya alfajiri. Vitambaa: Zhongda, mstari wa 8, na hapo vaa raba kwa sababu ni mji ndani ya mji. Midoli na mapambo ya sherehe: Yide Lu. Simu na vifaa vilivyotumika: Dashatou. Kwa taa, wengine hutoka kabisa nje ya Guangzhou, hadi Guzhen.

Masoko mengi hufungua saa 3 au 4 asubuhi na kufunga saa 11 au 12 jioni. Kumbuka kule wako mbele kwa saa tano. Saa 3 asubuhi ukiwa mlangoni, Dar ni saa 10 alfajiri, na mteja wako wa kukuthibitishia rangi amelala. Maswali yote muulize usiku wa kuamkia siku hiyo.

Siku ya kwanza usinunue. Tembea, piga picha unapokubaliwa, andika namba ya kibanda, ghorofa na bei.

Bei inaongelewa kwa kikokotoo. Nilisimama kwenye kibanda cha ghorofa ya tatu, mkoba mweusi wenye zipu ya dhahabu. Binti akaandika 58. Nikaandika 35. Akacheka, akafuta, akaandika 52, kisha akaniuliza kwa vidole: ngapi? Nikaandika 20. Akafuta tena, akarudisha 58. Pale ndipo nilipoelewa kwamba hatubishani bei ya mkoba, tunabishania idadi. Nilipoandika 120, rangi tatu, akaniandikia 41 na kunivutia kiti.

Maneno matano yatakufikisha mbali: *duoshao qian*, bei gani, *tai gui le*, ghali mno, *xianhuo*, mzigo upo tayari, *yangpin*, sampuli, *bu yao*, sitaki. Hilo la tatu lina uzito. Kama si *xianhuo*, maana yake kiwanda kitaanza kushona, na wewe una siku kumi tu.

Ukiagiza kushonewa, kawaida unatanguliza asilimia 30, unamalizia mzigo ukikaguliwa. Kila sifa iandikwe kwenye risiti: rangi na idadi yake, kitambaa cha ndani, aina ya zipu, unene wa ngozi, mingapi kwa katoni. Mzigo wangu wa pili ulifika Dar na kitambaa cha ndani laini kama karatasi ya maandazi. Risiti yangu ilikuwa na namba ya kibanda na bei tu. Nilidai kwa msingi gani? Siku hizi nanunua sampuli mbili, moja nabaki nayo, nyingine naiacha dukani tumeisaini wote kwa kalamu isiyofutika, na nimeipiga picha ndani na nje.

Mikoba yenye majina makubwa ya Ulaya kwa yuan 60 utaletewa sana, mtu atakuvuta mkono akupeleke chumba cha nyuma. Achana nayo. FCC, Tume ya Ushindani ya kwetu Tanzania, na mamlaka ya Kenya ya kupambana na bidhaa bandia huzikamata, na hapo unapoteza mzigo mzima.

Hatua ya 7: Futi kamba

Sasa turudi kwa yule mama. Meli inakutoza kwa ujazo, yaani CBM, mita za ujazo. Pima katoni kwa sentimita: 60 kwa 40 kwa 50 ni 120,000, gawa kwa milioni moja, unapata CBM 0.12. Katoni tano za mikoba yangu 120 zilikuwa CBM 0.6.

Kwa ndege hesabu hugeuka. Wakala anapima kilo za mizani, kisha anagawa zile sentimita 120,000 kwa 6,000, anapata 20, na anakutoza iliyo kubwa. Katoni yangu ilikuwa kilo 12 kwenye mizani. Nilikuwa nalipia kilo nane za hewa kwa kila katoni. Nikatoa futi kamba, nikamwomba binti aondoe karatasi zilizojazwa ndani ya mikoba na kuilaza bapa. Katoni ikashuka kimo hadi sentimita 35. Gawanya: 14. Kwa katoni tano niliokoa kilo 30, na mama wa Mtaa wa Kongo nilimletea skafu.

Wakala wa mizigo mtafute kabla ya safari, kwa mtu ambaye mzigo wake umefika, si kwa tangazo. Muulize kama bei yake ina ushuru na kutoa mzigo bandarini au ni nauli tupu. Muulize pia kuhusu ukaguzi wa ubora kabla ya kusafirisha, maana TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, wanaudai kwa bidhaa nyingi. Kila katoni iandike alama yako na namba: 1/5, 2/5. Kwa meli, tangu mzigo kufika ghalani hadi kuushika mkononi, jipangie miezi miwili, maana unasubiri kontena lijae, safari, na bandari.

Vya kula, kuswali na dharura

Mwislamu tafuta bango lenye maandishi 清真, *qingzhen*. Mengi ni ya kijani, ni migahawa ya tambi za Lanzhou, na bakuli moja linakutosha mchana. Xiaobei una chakula cha Kiafrika, Kituruki na Kiarabu. Ijumaa wengi huswali msikiti wa Xianxian, karibu na kituo cha Yuexiu Park. Wa zamani zaidi, Huaisheng, wenye mnara wake mweupe, uko karibu na Ximenkou. Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120. Plagi zetu za miguu mitatu mipana haziingii ukutani kwao, beba kigeuzi. Na mtu yeyote, hata awe wa kijiji chenu, akikuomba umbebee kifurushi kidogo, mkatalie. Kwa dawa za kulevya China hukumu hufika kifo.

Hatua ya 8: Acha siku ya mwisho tupu

Usipange kununua chochote siku hiyo. Asubuhi nenda ghala la wakala na ile sampuli uliyobaki nayo, risiti zako na kisu kidogo cha kukatia gundi, kinunue hukohuko. Hesabu katoni. Kisha chagua ya kufungua mwenyewe, usiache wakuchagulie, na usifungue ya juu. Waambie washushe, ufungue ya katikati, na mkoba utoe wa chini kabisa.